Mtoto wa Keshero

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kiume aliamua kukata ua wa miyenzi nyumbani kwa mama ili ajenge ukuta wa matofali, na mimi nilikuwa nimesimama karibu wakati panga lilipoingia mara ya kwanza. Miyenzi mnaijua: vijiti vya kijani vilivyorundikana, visivyo na jani la maana, na ukivunja kimoja kinatoa maziwa meupe ambayo yakikuingia jichoni utajuta wiki nzima. Harufu ya maziwa yale ikanifikia, kali, chungu, ya kukaa kooni. Wenzangu wa rika langu wakinusa kitu cha zamani hukumbuka mandazi ya bibi. Mimi nilirudishiwa wivu. Sisemi kumbukumbu ya wivu, nasema wivu wenyewe, wa moto, wa mtoto wa miaka tisa, na nikajikuta nimekunja ngumi mbele ya mafundi waliokuwa wanangoja niwape maji ya kunywa.

Tulihamia pale tukitoka mtaa wa Mabanga, tulikokuwa tumepanga vyumba viwili na ambako ukikohoa jirani anakuambia pole. Kiwanja kipya kilikuwa jiwe tupu. Volkano ilikuwa imepita hapo, ikaacha yale mawe meusi tunayoyaita makoro, yenye ncha, yanayokula viatu. Papa, baba yetu, alijenga nyumba ya mbao juu yake na tukaingia kabla madirisha hayajapata vioo. Hapakuwa na udongo wa kujaza hata kikombe. Hapakuwa na kivuli pia. Mahali penyewe pameinuka kidogo, basi upepo wa mlimani ulitupiga asubuhi na wa ziwani ukatupiga mchana, na mama alikuwa akisema tumejenga pale pale upepo unapokutana na mwenzake.

Kwa kuwa hapakuwa na ua, watu walifanya kiwanja chetu njia. Mama anapika, mtu anapita kati ya jiko na mlango, anasalimia, anaendelea na safari yake. Mbuzi nao wakafuata. Mama akasema kabla ya mvua kubwa ni lazima pawe na kitu cha kijani cha kuwajulisha wapita njia kwamba hapa ni nyumbani kwa watu. Papa, aliyekuwa dereva wa lori la Butembo, akaleta kutoka kwao miche ya sipre, maana kule kwao ua ni sipre, hakuna mjadala. Lakini kule kwao udongo ni mwekundu na mzito. Juu ya makoro miche ile ilikaa kijani majuma mawili, ikawa ya njano, ikawa ya kahawia. Mama aliing'oa akaiwashia moto wa chai, akasema hata moto wake si wa maana.

Hapo ndipo jirani yetu Mama Furaha, mwanamke wa Masisi mwenye maneno ya taratibu, alipoanza kumfundisha mama kuchagua. Alimkataza kwenda tena kutafuta miti kwa watu wenye udongo.

"Hapa hatuchagule muti juu ya urembo," alimwambia. "Tunachagula muti yenye haina haya. Tembea, uangalie yenye inaota pahali hakuna mutu anaimwangia maji. Ile njo ya kuleta."

Basi mama akawa mtu wa kutembea. Akitoka sokoni, alikokuwa anauza samaki wa chumvi, hakupita njia fupi. Alipita kwenye mitaro, nyuma ya kuta za watu, kwenye kingo za barabara ambako katapila lilikuwa limesukuma mawe. Akiona kichaka kimeota katika ufa wa jiwe, anainama, anavuta jani, ananusa, anavunja kijiti. Alileta mubirizi, ule mti mchungu ambao majani yake tulinyweshwa kwa ajili ya minyoo. Alileta mkonge, ukamchoma mdogo wangu siku ile ile. Vyote vilisubiri ndani ya ndoo na makopo kando ya mlango mpaka papa arudi safarini na kutoboa mashimo kwa baramini, lile chuma zito la kuvunjia mawe. Na nyumbani kwetu, kila kijiti kilichongoja kupandwa kiliitwa mutoto. "Usikanyage batoto," mama alisema tukikimbia. "Batoto bamekunywa?" aliuliza kabla ya sisi wenyewe kunywa. Likumbukeni neno hilo, maana ndilo lililoniponza.

Katikati ya hayo yote akafika Masika.

Mimi pia ni Masika. Kwetu Wanande majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, na binti wa kwanza ni Masika, apende asipende. Yeye alikuwa binti wa kwanza wa mdogo wake mama, aliyeolewa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa jingine, mbali na letu. Mama yake alikuwa amefariki, baba yake anashinda ziwani, na hapakuwa na mwanamke wa kumtazama. Aliletwa na Papa Kambale, mzee aliyekuwa akimletea mama samaki kwa lori. Msichana alikuwa amekaa juu ya magunia, ana kifurushi kidogo cha nguo, na kwapani ameshika fungu la vijiti vya miyenzi vilivyofungwa kwa uzi wa nyavu, kwa sababu mama alikuwa amemwagiza Papa Kambale avilete kutoka kule tambarare, ambako miyenzi inaota bila mtu kuisemesha. Mama alipokea mtoto na vijiti kwa mara moja. Alimkumbatia yule msichana, akalia sana, kisha akajifuta uso akanigeukia.

"Huyu ni dada yako. Ye alikutangulia kuzaliwa. Tangu leo yeye ni Masika Mukubwa, na wewe ni Masika Mudogo."

Alikuwa amenitangulia kwa msimu mmoja wa maharagwe. Miaka tisa nilikuwa binti mkubwa wa nyumba ile, halafu kikatokea kisichana kinachonuka samaki, kikanivua ukubwa wangu mlangoni, hata kabla hakijanawa miguu. Mimi ndiye niliyempelekea papa maji ya kunawa, na sasa akapeleka yeye. Mimi ndiye niliyetumwa kwa Mama Furaha kuomba moto wa makaa, na sasa akatumwa yeye. Kazi hizo nilikuwa nazichukia kufa, lakini zilipohamia kwake nikazitaka zote. Nilionea wivu hata sufuria aliyopewa kusugua.

Kilichoniuma kupita vyote ni mazungumzo. Jioni mama alikuwa akiketi karibu na jiko kwenye kiti chake kifupi, Masika Mukubwa akiketi kwenye kigoda kando yake, na wakaongea kwa sauti ya chini, kama wanawake. Waliongea juu ya marehemu. Mama alimuuliza vitu na kungoja jibu: alikula nini siku za mwisho, alimtaja nani, ungependa tufanye misa lini. Nikisogea, mama alisema, "Wewe wenda ucheze." Nilikwenda, nikacheza vibaya, nikirusha vijiwe kwenye bati la choo ili wasikie kwamba nipo. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mama aniulize jambo na anisubiri nijibu.

Ningepata nafuu kama angekuwa mbaya. Ubaya wake mkubwa ni kwamba hakuwa na ubaya. Hakulalamikia upepo, mimi nililalamika. Hakulia makoro yalipomkata kisigino, mimi niliwahi kulia kwa ndara iliyokatika. Alikula alichopewa. Mdogo wangu, msaliti yule, alianza kulala ubavuni kwake.

Mama alipogawa sehemu za ua, alimpa Masika Mukubwa upande wa mbele, kandokando ya mlango, apande miyenzi yake. Mimi nilipewa mubirizi upande wa choo. Niliona haki imekufa. Siku ya pili, walipokuwa sokoni, nilitoa fungu lote la miyenzi ndani ya ndoo ya maji, nikalitupa nyuma ya choo juu ya makoro, mahali jua linapopiga kutwa. Nilikuwa na hakika kwamba kijiti kisicho na maji kinakufa, na mwenyewe ataonekana hafai. Masika Mukubwa alilitafuta fungu lake siku kadhaa, bila kumuuliza mtu. Nilimtazama akitafuta, na naona aibu kuandika kwamba nilifurahi.

Juma moja baadaye Mama Furaha alipita nyuma ya choo na kuita.

"Nani alianika hii miyenzi?"

Tukaenda wote. Mimi nilikuja nyuma yao, nikingoja kofi. Lakini Mama Furaha alikuwa ameinua kijiti kimoja, anamwonyesha mama mwisho wake, pale palipokatwa, pamefunga na kuwa pakavu.

"Amefanya muzuri," alisema. "Miyenzi ukiipanda na kidonda kibichi, inaoza. Lazima kidonda ikauke kwanza. Kwetu tunaianika juma nzima mbele ya kupanda. Mungeiacha ndani ya maji, mungepoteza yote."

Masika Mukubwa aliniangalia. Aliniangalia tu, si kwa hasira, na nikajua kwamba amejua. Kisha akamwambia mama, "Ni Masika Mudogo njo aliianika."

Mama alicheka, akanishika kichwa. "Kumbe huyu eko na akili ya shamba."

Sifa ile niliipokea, ningefanya nini. Ila siku hiyo nilimchukia kuliko siku zote zilizotangulia, kwa sababu alikuwa amenipa zawadi ambayo sikuweza kuikataa wala kuila. Wale wanaosema wema unaulainisha moyo wenye wivu hawajawahi kuwa na wivu wa kweli. Mimi nilitamani anisemee mbovu, tugombane, tuwe sawa.

Miyenzi ikapandwa. Papa alitoboa mashimo, mama akatia katika kila shimo viganja vichache vya udongo ulioletwa kwa gunia juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka njia ya Rutshuru, na vijiti vikasimama pale mbele ya mlango, vimekonda, havina sura. Baada ya majuma machache vikaanza kutoa ncha mpya za kijani kibichi. Wapita njia wakaanza kuzunguka. Mama akawa anawaambia wageni, "Hiyo ni ya mutoto wa Vitshumbi," na hukujua anasema mmea au msichana, lakini vyote viwili vilimpendeza.

Mimi nikamwendea papa. Papa alikuwa na jina lake la kunibembeleza: mtoto wa Keshero. Nilizaliwa huko, wakati yeye na mama walipokuwa wamepanga nyumba ya uani katika kiwanja cha watu wenye nafasi, karibu na ziwa, ambako kuna udongo mweusi na bustani zinazonyweshwa. Nilimwomba aniletee mmea kutoka Keshero, mmea wenye maua hasa, si vijiti. Alikuwa na rafiki mtunza bustani huko, na siku moja akarudi na mche wa waridi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ulikuwa na ua moja jekundu na matumba mawili.

"Shika," aliniambia. "Mutoto wa Keshero analea mutoto wa Keshero."

Nilitaka upandwe mbele ya mlango, si mahali pengine. Mama alitazama lile waridi jinsi anavyotazama mtu aliyevaa viatu vya harusi kwenda shambani, lakini akakubali, akanipa shimo moja katikati ya safu ya miyenzi. Kuanzia siku hiyo nililimwagilia maji asubuhi, mchana na jioni. Nililimwagilia maji ya kunawia, maji ya kuoshea mchele, na mara moja chai. Ua jekundu likaanguka kwa upepo wa kwanza. Matumba yakawa meusi kabla hayajafunguka. Majani yakapata madoa, yakadondoka moja moja, na nilikuwa nayaokota kabla mama hajayaona. Kulia na kushoto kwake, miyenzi ya yule mwingine ilinenepa bila hata kutazamwa.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa ndani, nimelala kifudifudi sakafuni, karibu na ukuta wa mbao wenye nyufa. Nje, mama na Mama Furaha walikuwa wameketi wakichambua maharagwe. Nikasikia Mama Furaha akiuliza:

"Na huyu mutoto wa Keshero?"

"Nimemuchunga, nimechoka," mama alijibu. "Huyu hawezi pahali kama hapa. Amezoea kubembelezwa. Upepo kidogo, analegea."

"Sasa utamufanya nini?"

"Nitamurudisha Keshero, asinifie hapa. Ule wa Vitshumbi njo nitabakisha mbele ya mulango. Ule hata usipomuangalia, anakomaa."

Ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Mimi nyuma ya ubao sikuelewa. Maneno ya papa juu ya waridi nilikuwa nimeyasahau; masikioni mwangu mtoto wa Keshero alikuwa mmoja, naye alikuwa mimi, na kila neno lilinienea kama nguo niliyopimiwa. Ni kweli nilizoea kubembelezwa. Ni kweli nililegea kwa upepo. Nilijiona nimepelekwa kwa mke wa yule mtunza bustani, ambaye sikuwahi kumwona, nalala jikoni kwake, na hapa nyumbani mama ameketi na Masika mmoja tu, hana haja tena ya kusema mkubwa wala mdogo. Sikulia. Nilibaki palepale sakafuni nikifikiri, na nilipoinuka nilikuwa tayari najua nitakachosema.

Nilimwambia Masika Mukubwa kesho yake, tukirudi misani, viatu vyetu mikononi ili visiliwe na makoro.

"Nilisikia mama anaongea na Mama Furaha," nilisema. "Anasema mutoto wa Vitshumbi, atamurudisha kwabo."

Alisimama. "Juu ya nini?"

Sikuwa nimetayarisha sababu. Ilikuja yenyewe, na hadi leo sijui ilitoka wapi ndani ya mtoto wa miaka tisa. "Juu unafanana na mama yako. Anasema kila akikuangalia anamuona mudogo wake, roho inamuuma. Amechoka kulia. Lakini anaogopa kukuambia."

Masika Mukubwa alitazama viatu vyake. Ilikuwa ni kweli kwamba alifanana na mama yake, na ni kweli kwamba mama alilia jioni nyingine wakiwa wameketi pamoja. Uongo wangu ulikuwa na miguu miwili mizuri. Akaanza kutembea tena. Siku ile na kesho yake alifanya kazi kama kawaida, ila aliacha kuketi kwenye kigoda. Mama akimwita aje waongee, alisema ana usingizi.

Jumanne ndiyo siku Papa Kambale alipokuwa akirudi Vitshumbi. Asubuhi yake Masika Mukubwa alisema kichwa kinamuuma, hakwenda shule. Adhuhuri, nikitoka shule, nilimkuta barabarani akipanda kuelekea kwenye maegesho ya malori ya Rutshuru, kifurushi chake kichwani.

"Papa Kambale amekubali," aliniambia. "Nimemuambia mama anajua."

Nilisimama nimeshika daftari zangu. Alishusha kifurushi, akakishika kifuani.

"Ile miyenzi usiimwangie maji mingi. Na ukiikata, geuza uso." Akakaza fundo la kifurushi. "Umuambie mama sikukasirika. Asilie tena juu yangu."

Nikasema sawa. Akapandisha kifurushi kichwani akaenda, naye alikuwa na mwendo wa haraka, wa mtu asiyetaka kuchelewesha watu.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango. Alikuwa na baramini ya papa na lile kopo la maziwa ya unga, anachimbua waridi langu taratibu, anakinga mizizi kwa kiganja.

"Unafanya nini, mama?"

"Si nilimuambia Mama Furaha," alisema bila kuinua uso. "Mutoto yako ya Keshero, nitamurudisha kule ku udongo. Papa atamupeleka kesho. Akibaki hapa, atakufa. Usilie, utaenda kumuangalia. Hapa nitajaza na miyenzi ya dada yako."

Nilisimama pale na nikaelewa yote kwa pamoja. Hakuna mtu aliyewahi kufikiria kunipeleka popote. Mtoto aliyelegea kwa upepo alikuwa ndani ya kopo, ana majani manne. Nilihisi nafuu kubwa, nikaketi juu ya jiwe. Na lori la Papa Kambale lilikuwa bado mjini. Kila mtu alijua haliondoki kabla ya saa nane, na kengele ya saa saba ilikuwa haijalia.

Mama aliingia ndani kuchukua maji. Alichelewa kutoka. Alipotoka hakuwa na maji.

"Nguo za dada yako haziko pale ku musumari. Eko wapi? Ulimuona?"

"Nilimuona."

"Amepita upande gani?"

Uongo wa kwanza nilikuwa nimeusema kwa woga, na kwa ule huwa najisamehe kidogo, siku nikiwa na moyo mwepesi. Wa pili sikuwa na woga wowote. Nilikuwa najua kwamba mimi ni mtoto wa nyumba hii na nitabaki. Nilijua pia kwamba neno moja lingemrudisha kabla chakula hakijapoa. Nilitaka tu, kwa kuwa ameshaondoka, awe ameondoka kweli. Nikanyoosha mkono upande wa ziwa, mbali kabisa na malori.

Mama alishuka mbio akiwa na ndara za ndani. Baadaye niliambiwa kwamba alifika hadi wanakochotea maji, akawauliza wanawake mmoja mmoja kama wameona mtoto mwenye kifurushi. Alipopata wazo la kupanda kwenye maegesho, malori yalikuwa yameshaondoka. Alirudi jua likiwa chini, ndara moja haina kamba, vidole vinatoka damu. Nilimletea maji ya kunawa. Hapakuwa na mwingine wa kuyaleta.

Masika Mukubwa alikulia Vitshumbi, akaolewa hukohuko, anauza samaki kama mama alivyouza. Tunaonana kwenye misiba na harusi. Ananiita dada, anauliza watoto, ananifungia samaki wa kubeba. Sijui anajua nini, na sijawahi kuwa na ushujaa wa kuuliza. Kuna watu wa kwetu wanaonisifu kwamba nilimtunza mama vizuri kuliko mabinti wote wa mtaa, na ni kweli nilimtunza, sikumwachia mtu mwingine nafasi hata ya kumshikia mwavuli.

Juma lililofuata kuondoka kwa Masika Mukubwa, Papa Kambale alirudi na samaki. Alishangaa kumwona mama amekonda. Alisema mtoto alifika salama, na kwamba mtoto mwenyewe ndiye aliyemwambia mama anajua na amekubali, ndiyo maana akampakia. Akasema pia kwamba njia ni nzuri, na kama mama anataka kwenda kumchukua, kesho kuna nafasi mbele, karibu na shofere. Mama alimshukuru, akamwambia atamjibu asubuhi.

Jioni ile alikaa kwenye kiti chake kifupi karibu na jiko muda mrefu. Mimi nilikuwa mbali kidogo, narusha vijiwe. Akaniita. Nilipofika sikuambiwa niende nikacheze. Alivuta kile kigoda kwa mguu wake wenye vidonda, akanionyesha niketi.

"Wewe njo ulikuwa unalala naye," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe njo unamujua. Nilimukosea nini huyu mutoto? Niende nimuchukue, ao nimuache?"

Akanitazama usoni. Alikuwa ananingoja.

"Muache, mama," nilisema. "Aliniambia mwenyewe. Ye hatupendi."

Mama alitikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyekwisha kulihisi jambo hilo na sasa amethibitishiwa. Kisha akasogeza kiti chake karibu na changu.